Wifi Nyuma ya Shaba ya Baba

Jumatatu, 10 Oktoba 2022

Tata Kisimba, mkuu wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, amekuja asubuhi akiwa amevaa koti. Tata Kisimba huvaa koti kwa mambo mawili tu: msiba na serikali. Nilimwuliza leo ni lipi kati ya hayo. Akasema bado anatafakari.

Habari yenyewe ni hii. Tume ya uhamisho itatusikiliza Jumatano ya wiki ijayo. Si ana kwa ana. Tangu mkutano ule wa ukumbi wa parokia, ambapo mtu alirusha kiti, wajumbe wake wamejikalia Lubumbashi na hawataki kusikia jina la Kolwezi, mji wetu. Watatusikiliza kwa video. Kila avenyu itapewa muda mfupi na msemaji mmoja. Msemaji wetu ni mimi. Sababu: nimesoma chuo kikuu, nafundisha mantiki sekondari, na nyumbani kwangu kuna kompyuta na wifi. Nilipinga kidogo, kwa adabu. Nilipoona anaanza kukubaliana nami, nikaacha kupinga.

Tunaomba kitu kimoja. Kwamba tutahama, hilo limekwisha. Shimo la mgodi linapanuliwa kuja huku kwetu Musonoi, na kila nyumba imeshapigwa rangi nyekundu mlangoni. Lakini mpango wao unatutawanya. Huyu upande wa barabara ya Kisenge, yule ng'ambo ya reli, mwingine mahali ambapo hata taksi-moto, pikipiki za abiria, hukataa kwenda. Sisi tunataka tuhamishwe pamoja, mahali pamoja, nyumba zikifuatana kama zinavyofuatana sasa. Basi.

Jioni nimempigia mdogo wangu aliye Likasi kwa video, ili kupima mitambo. Uso wake uliganda akiwa amefumba jicho moja. Sauti ilikuja baadaye, peke yake, kama mgeni aliyepotezwa na watoto wa mtaani. Hivi ndivyo nitakavyowatetea watu?

Kuna mtu anatumia wifi yangu. Sipendi kuhukumu kabla ya ushahidi.

Ni Stany.

Jumanne, 11 Oktoba

Niandike ushahidi kwa utaratibu. Stany ni jirani yangu wa mkono wa kushoto. Kazi yake ni kununua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji wadogo, na vyuma vikuukuu kwa yeyote. Kazi hiyo haimzuii kukaa mchana kutwa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukiegemea ukuta wangu, akitazama simu na kucheka. Mtu hacheki namna ile kwa mega za intaneti alizolipia mwenyewe.

Ni kweli kwamba hoja hii si kamili. Mtu anaweza kuwa na furaha kwa sababu nyingine. Lakini ninamfahamu Stany.

Modemu yenyewe hawezi kuiona. Niliificha kwa akili. Ukutani sebuleni kuna shimo dogo la mraba lililobaki pale palipokuwa na swichi za zamani. Modemu inakaa humo, na mbele yake nimetundika tablo ya marehemu baba, ile picha ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, yenye upana wa meza ya kulia. Inafunika shimo lote. Hata mwizi mwenye shahada hawezi kushuku. Picha inaonyesha mchimbaji mwenye kofia na taa, na pembeni tembo, ambaye shughuli yake mgodini haijawahi kuelezwa na mtu.

Nimebadilisha neno la siri. Nimeweka sentensi ya Kilatini tuliyofundishwa na mapadre, maneno sita, bila nafasi katikati. Stany hajui Kilatini. Kwa bahati mbaya, kompyuta imekataa Kilatini changu mara tatu, na kwa sehemu kubwa ya siku wifi yangu imekuwa salama dhidi ya watu wote, nikiwemo mimi. Jioni nimefaulu kuingia. Mwendo ni uleule wa konokono.

Maana yake, Stany ameijua sentensi. Itabidi niulize alisoma wapi.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo mchana wamelipua mgodini, kama ilivyo desturi yao. Vumbi limeanguka kutoka darini ndani ya sombe, mboga yangu ya majani ya muhogo.

Desturi yetu nayo ni hii. Kila wanapolipua, mtu humwita jirani wa mkono wake wa kulia kwa sauti, na hakai chini mpaka ajibiwe. Aliyejibu humwita anayefuata. Jina hupita avenyu nzima hadi kwa Tata Kisimba, nyumba ya mwisho, naye hupiga sufuria mara moja kuonyesha kwamba wote wapo. Ilianza mwaka ule ukuta wa familia moja ulipoanguka na hakuna aliyejua mpaka kesho yake.

Ubaya ni kwamba anayeniita mimi ni Stany.

Ameita: "Mama Odile! Uko?"

Nimejibu "Niko", lakini kwa ubaridi ambao naamini aliupata. Kisha nikamwita Mama Tshibola wa kulia kwangu, kwa sauti ya upendo, ili tofauti isikike.

Alhamisi, 13 Oktoba

Hatua ya pili. Neno la siri limeshindwa, basi nitumie aibu. Nimegundua kwamba jina la wifi linaweza kubadilishwa, na kwamba jina hilo huonekana kwenye simu zote zilizo karibu. Nikaandika kwa herufi kubwa: STANY NINAKUONA.

Niliona ni onyo la kistaarabu. Kufikia saa ya chakula avenyu yote ilikuwa imesoma. Ernestine, mke wa Stany, amekuja na kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni, dalili ambayo kila mtu huku anaifahamu.

"Mama Odile, unaona bwana yangu wapi? Ku dushi?"

Nikumbushe kwamba bafu lao la uani halina paa, na kwamba dirisha langu, bila kosa langu, linatazama huko. Nilimweleza kwa utulivu kwamba hili ni jambo la intaneti. Akajibu kwamba mambo ya namna hiyo siku hizi yote huanzia huko huko ku intaneti, na kwamba angalau mumewe afunikwe na kitu kabla ya kuandikwa kwenye simu za watu.

Baada ya muda, kwenye orodha ya mitandao ya kompyuta yangu, umetokea mtandao mpya kutoka kwenye simu ya Stany. Jina lake: MAMA ODILE FUNGA DIRISHA.

Nilisikia vicheko kutoka pande zote mbili za barabara. Mama Tshibola mwenyewe, mama wa heshima zake, alicheka mpaka akaomba maji. Nimerudisha wifi yangu kwenye jina lake la kwanza. Dirisha nimelifunga pia, lakini kwa sababu ya vumbi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Wamelipua. Stany ameniita. Sikujibu.

Niliona ni haki yangu. Mtu aliyeandikwa na kuchekwa na avenyu nzima anaweza kunyamaza mara moja. Akaita tena. Nikaendelea kula bukari, ugali wetu. Akaita mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini nilikuwa nimeshika msimamo.

Ghafla mguu umepita juu ya ukuta, kisha Stany mzima. Ameingia ndani mbio na sepetu mkononi, macho yamemtoka, tayari kunifukua. Amenikuta na tonge mdomoni.

Alisimama akihema. Akasema: "Mama, batu banaweza kufa juu ya kiburi yako." Halafu akatazama ukutani. Sasa naogopa kwamba alitazama muda mrefu. Taa za kijani za modemu huonekana kidogo kwenye ukingo wa tablo, chini ya mguu wa tembo. Akatikisa kichwa na kutoka, safari hii kwa mlango.

Mama Tshibola naye alikuwa amesimama uani kwake muda wote, akisubiri kuitwa. Kwa hili nakiri sikufanya vizuri. Lakini chanzo cha yote ni wifi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Ushahidi umepatikana!

Asubuhi nimeteremsha tablo ya baba ili kuisugua kwa limau na majivu, kama ninavyofanya kila mwezi. Niliilaza kwenye mkeka uani. Nikiwa nasubiri majivu yafanye kazi, nilimpigia mdogo wangu. Ajabu. Uso wake ulitembea. Macho yote mawili. Niliona hata kwamba amebadilisha pazia na hakuniambia. Tumezungumza mpaka akachoka.

Sababu iko wazi: jana nilimsikia Stany akisema kwamba leo anakwenda Kisenge kutazama mawe ya manganizi. Stany hayupo, mtandao upo. Ni uthibitisho ambao ningeuonyesha darasani.

Jioni nimetundika tablo, iking'aa kama jua la Agosti, nikamwita Tata Kisimba aje ashuhudie. Amekuja na koti. Nikampigia mdogo wangu, akaganda akiwa anapiga chafya. Tata Kisimba alimtazama kwa muda, kwa heshima, kisha akauliza kama huyo ni mgonjwa.

Nikahitimisha kwamba Stany amerudi. Lakini Ernestine, niliyemkuta bombani, amesema mumewe hakwenda popote. Ameamka na malaria na amelala siku nzima chini ya blanketi mbili, simu imezimwa.

Nimelitafakari jambo hili kwa haki, kutoka pande zote. Haliendani na hitimisho langu. Kwa hiyo nimeliweka kando mpaka nitakapopata muda.

Jumapili, 16 Oktoba

Baada ya misa, mbele ya watu, Stany amenijia. Bado alikuwa na rangi ya homa. Amesema taratibu, kama mtu anayemweleza mzee njia:

"Mama Odile, mi siko mwizi. Toa ile shaba mbele ya modemu. Shaba njo inaziba. Réseau haipite mu shaba."

Eti mtandao haupiti kwenye shaba! Watu walisogea wasikie jibu langu. 

Tuangalie anayezungumza ni nani. Stany hununua shaba. Ndiyo riziki yake. Na Stany huyo ananishauri niteremshe shaba ukutani. Fisi naye angekushauri uache mlango wazi ili upate hewa. Tablo ile baba alikabidhiwa siku ya kustaafu, mwaka ambao kampuni yake ya mgodi ilikuwa inaanguka na wenzake wengi hawakuagwa hata kwa mkono. Aliibeba kichwani kutoka kazini hadi nyumbani, kwa miguu, ili kila mtu aione. Tangu siku hiyo haijawahi kukosa ukuta.

Nilimjibu kwamba shaba ya baba haiuzwi. Akasema hakuna aliyesema kununua. Nikasema ndivyo wanunuzi wote wanavyoanza. Mtu mmoja nyuma akasema: "Prof ameshinda." Sina hakika alisema kwa nia njema.

Nitakuwa mkweli na daftari hili. Njiani kurudi nilijiuliza kama Stany ana ukweli fulani. Swali hilo lilidumu hadi kona ya soko. Pale nikaikumbuka fizikia.

Jumatatu, 17 Oktoba

Fizikia, basi. Nilimwandalia Tata Kisimba hoja kwa hatua, naye akasikiliza akiwa amesimama.

Shaba hupitisha umeme vizuri kuliko takriban kila kitu. Ndiyo maana dunia nzima inatuhamisha kwa ajili yake. Modemu hufanya kazi kwa umeme. Kwa hiyo shaba ikiwa karibu na modemu, intaneti itapita kwa wingi zaidi. Kwa hiyo shida yetu si kwamba shaba ni nyingi. Shaba ni kidogo.

Nilihisi kwamba kuna kasoro mahali fulani kati ya hatua ya pili na ya tatu. Niliitafuta. Maharagwe yakaanza kuungua, nikaacha kuitafuta.

Tata Kisimba, ambaye zamani alikuwa fundi umeme mgodini, alifungua kinywa, akakifunga, akasema yeye alishughulika na mashine kubwa tu. Akaniletea waya wa shaba. Nimeuzungusha kwenye modemu kutoka chini hadi juu, kwa mizunguko iliyokaribiana, kazi ya mikono ambayo sikujua ninaiweza. Kisha nikarudisha tablo mbele yake.

Intaneti imekatika kabisa.

Nimekaa mbele ya kompyuta nikifikiri. Maelezo yanayowezekana ni mawili. La kwanza sitaki kuliandika, kwa sababu ni la Stany. La pili: shaba imeuvuta mtandao kwa nguvu kiasi kwamba sasa hata wezi wa avenyu ya pili wanaupata. Ninaegemea la pili, lakini bila majivuno.

Jumanne, 18 Oktoba

Kesho ndiyo siku. Tata Kisimba amekuja bila koti, jambo lililonitia hofu zaidi. Amesema Stany amejitolea kutoa simu yake kubwa, yenye mega zake mwenyewe, tuitumie kesho mbele ya nyumba yake. Nimekataa. Niwatetee watu wazima nikiwa nimesimama barabarani, simu ikishikiliwa na mtu ambaye jina lake nimeliandika kwa herufi kubwa? Nilimwambia Tata Kisimba kwamba ninatoa dhamana. Akauliza dhamana gani. Nikasema neno langu. Akatazama modemu yenye waya, akasema sawa.

Mchana amekuja Mama Tshibola. Aliuliza kwanza kama ule waya ni mtego wa panya, na kwa ajili ya swali hilo tu nimeufungua. Kisha akakaa na kukunja mikono.

Yeye ameshafukuzwa mara moja, wakati Wakasai, watu wa asili ya Kasai kama yeye, walipofukuzwa mkoani mwetu, akiwa msichana. Walilala nje ya kituo cha treni na masufuria yao, wakisubiri mabehewa. Treni ilipokuja, watu walipakiwa walivyopatikana. Majirani wa mtaa mmoja walikwenda pande tofauti. Yeye alirudi Kolwezi baadaye. Wengine hakuwaona tena na hajui hata wamezikwa wapi. Alisimulia bila kupandisha sauti. Alisema kufukuzwa si kitu kigumu sana, mtu hujifunza kufunga mzigo. Kigumu ni kufika mahali ukaita na kuitikiwa na mtu usiyemjua.

"Mama Odile, kesho usitupoteze."

Nimemwahidi. Alipoondoka nilikaa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Kumbe ahadi niliyompa mama huyu inaweza kuharibiwa na mtu mmoja kwenye kiti cha plastiki, akitazama vichekesho.

Jumatano, 19 Oktoba

Naandika mikono ikiwa bado na vumbi.

Nilianza kwa hatua ambayo naona ilikuwa ya kisayansi. Niliomba simu zote za avenyu zizimwe na kuwekwa ndani ya sufuria kubwa kwa Tata Kisimba hadi kikao kiishe. Watu walinung'unika lakini walileta. Stany alileta yake wa mwisho. Aliiweka juu ya nyingine taratibu, kama anayelaza mtoto, akasema: "Na kama haitembee, mama, utasema ni nani?" Nikafunika sufuria.

Nilivaa nguo ya misa. Hoja zangu nilikuwa nimeziandika katika sehemu tatu, zenye utangulizi na hitimisho. Nikakaa mbele ya kompyuta, mgongo wima, na tablo ya baba ukutani ikinipa heshima.

Tume imechelewa, kama watu wenye madaraka wanavyochelewa. Mwishowe wametokea, watu watatu kwenye meza ndefu, mwanamke mwenye miwani katikati. Nikasalimia. Wakaganda. Nikasalimia tena. Mwanamke yule alikuwa na kalamu hewani na hakuishusha. Sauti zikafika vipande vipande: Madame, hatu, Madame, je, Madame. Nilisoma utangulizi wangu wote kwa picha isiyosogea. Simu zote zilikuwa ndani ya sufuria, na bado. Kwa hiyo Stany ana simu ya pili. Nililiona hilo papo hapo, lakini nifanye nini? Kisha nikasikia sentensi moja nzima, nayo ilikuwa kwamba muda wetu unakwisha na watalazimika kupita kwenye avenyu inayofuata.

Akilini nilimwona Mama Tshibola kwenye kituo cha treni, na masufuria yake.

Hapo wakalipua.

Sijawahi kusikia mlipuko mkubwa kama ule. Kiti kilisogea nikiwa nimekikalia. Msumari uling'oka, na tablo ya baba ikaanguka sakafuni kwa kishindo cha kengele ya kanisa. Vumbi likajaa sebule. Hoja zangu zikatoweka ndani yake, sehemu zote tatu.

Halafu sauti kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Mama Odile! Uko?"

Tume ilikuwa mbele yangu. Lakini Ijumaa nilikuwa nimenyamaza, na nilikumbuka mguu ule juu ya ukuta.

"Niko!" Nikageukia dirisha la kulia. "Mama Tshibola! Uko?"

"Niko, mama!" Naye akaita anayefuata. Jina baada ya jina, likipungua sauti kadiri lilivyokwenda mbali, mpaka mwisho wa avenyu Tata Kisimba akapiga sufuria. Ile yenye simu. Ilitoa mlio wa ajabu, lakini ilitosha.

Nilipogeuka, mwanamke yule alikuwa anavua miwani. Aliivua nikimwona. Wote watatu walikuwa wanasogea, na aliponiuliza kile ni kitu gani, sauti yake ilikuwa kama yuko kwenye kochi langu.

Sikuwa na karatasi. Nikasema hivi ndivyo tunavyojihesabu. Hakuna anayeweza kuiangalia avenyu nzima, Madame, lakini kila mtu anaweza kuangalia nyumba moja. Mkimpeleka huyu Kisenge na yule ng'ambo ya reli, ukuta utaanguka, na mtu atakayekuwa karibu hatajua aite jina gani. Hatukatai kuhama. Tunaomba tuhame tukiwa tumeshikana hivi.

Akauliza kama yule aliyeniita kwanza ni ndugu yangu.

Nikasema hapana. Ni mtu anayeniibia wifi.

Mzee wa kulia kwake alicheka, kisha akajifanya amekohoa. Mwanamke hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, na niliuona kila mwendo wa kalamu.

Walipokata, Stany alikuwa tayari mlangoni na sepetu. Aliona tablo chini, akainyanyua kwa mikono miwili. Aliipima kidogo, nilimwona. Tembo amepata mbonyeo kwenye paja. Kisha akatazama shimo ukutani na taa zake za kijani zilizo wazi, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. Akafungua kinywa.

Nikamwambia asiseme neno.

Maelezo ni rahisi mno. Mlipuko ulipotokea, Stany aliogopa akaitupa simu ya pili. Mtandao ukaachiliwa. Nimemshukuru kwa kuniita. Kwa hilo la simu nitamsamehe, lakini si leo.

Ijumaa, 4 Novemba

Jibu limefika. Avenyu yote, ng'ambo ya reli, nyumba zikifuatana kama zilivyo. Tata Kisimba alikuja amevaa koti na kulivua mlangoni, akalitikisa hewani kama bendera. Mama Tshibola alinishika mikono. Ernestine alileta bukari na samaki, akaniambia kwamba kuanzia leo naweza kufungua dirisha.

Watu wamenisifu sana. Nimejaribu kukataa sifa, kidogo, kwa adabu. Stany alikataa kwa niaba yangu, akisema aliyetuokoa ni msumari. Watu walicheka. Bado sijaelewa alimaanisha nini, na sikutaka kumpa raha ya kumwuliza.

Jumapili, 12 Machi 2023

Nyumba mpya. Kuta za bloki, bati jipya, mvua juu yake hupiga kama mawe. Milipuko ya mgodi haifiki huku. Hata hivyo kila mchana Stany huita, nami hujibu, na jina huenda mpaka Tata Kisimba anapopiga sufuria. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake tuendelee. Tumeendelea tu.

Kabla ya kuingia nilimwomba mwashi anichongee shimo la mraba kwenye ukuta wa sebule, na msumari imara juu yake, wa chuma, usioweza kung'oka kwa lolote. Amefanya kazi nzuri. Modemu imekaa ndani. Mbele yake nimetundika baba, mchimbaji na tembo wake mwenye mbonyeo. Wageni huingia na kusimama kuitazama. Modemu hawaioni.

Leo baada ya misa nilimpigia mdogo wangu ili aione nyumba. Ameganda na kijiko mdomoni.

Nimekaa muda mrefu nikilichunguza jambo hili bila hasira. Nyumba ni nyingine, ukuta ni mwingine, mtaa ni mwingine. Katika vyote vilivyokuwapo kule Musonoi, nimejiuliza, ni kipi kimenifuata mpaka huku bila kubadilika?

Nimefungua dirisha. Ng'ambo ya ukuta, kwenye kiti kilekile cha plastiki, Stany anatazama simu na kucheka.

Nilisimama mbele ya tume yenye uwezo wa kumpeleka mtu huyu popote katika mkoa wa Lualaba, na kwa kinywa changu nikaomba awekwe ukutani kwangu. Kesho nitamwomba Tata Kisimba waya. Safari hii mnene.